Kila Kituo na Mwenyewe: Kupanga Vituo vya Safari ya Familia kwa Gari, Barcelona hadi Genova

Kutoka Barcelona hadi Genova kwa kufuata pwani ya Mediterania ni kama kilomita 850. Ramani ya simu itakwambia ni mwendo wa saa tisa na ushei, na namba hiyo ndiyo iliyotuponza mara ya kwanza. Tulijipangia kukata Barcelona hadi Marseille kwa siku moja, kilomita 500, tulale, kesho tumalizie. Tulipokaribia Narbonne mtoto wetu wa kati alikuwa ameshatapika mara mbili. Mdogo analia, ameuchoka mkanda. Na mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea Uholanzi kutoka Tanga, miguu ilikuwa imemvimba mpaka kanda za makubadhi zimemchora ngozi. Hakusema neno. Aliyavua, akayapakata, akaendelea kutazama dirishani. Nilimwona kwenye kioo, nikamwambia mume wangu aingie kituo kinachofuata. Siku ile Marseille hatukuiona.

Mwaka uliofuata tulirudia njia ileile, watu wale wale sita, kwa usiku 14 wa nchi kavu na mmoja wa melini. Tulichobadilisha ni vituo tu, na ilikuwa kama safari nyingine kabisa. Haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio tulioufuata.

1. Anza na watu, ramani baadaye

Chukua karatasi, andika majina ya wote watakaopanda gari. Mbele ya kila jina andika kitu kimoja ambacho akikipata siku yake inanyooka, na kitu kimoja asichokiweza. Yetu ilikuwa hivi. Bibi wa watoto: kivuli na kiti chenye mgongo, hawezi ngazi nyingi wala kukaa garini zaidi ya saa mbili mfululizo. Mdogo, miaka 3: mchanga wa kuchimba, hawezi kukosa usingizi wa mchana. Wa kati, miaka 7: wanyama, kona za mlimani zinamtapisha. Mkubwa, miaka 11: maji ya kuogelea. Mume wangu, ambaye ndiye dereva: mahali pa kulala ambapo gari halimnyimi usingizi. Mimi: soko.

Halafu ndiyo ufungue ramani. Kila kituo unachotaka kukiweka, jiulize ni cha nani kati ya hao. Kisipokuwa na mwenyewe, kifute hata kama dunia nzima inakisifu. Sisi tuliifuta Saint-Tropez kwa sababu hiyo: wakati wa kiangazi foleni ya kuingia ni ndefu, na hakuna hata mmoja kwenye karatasi yetu aliyekuwa akiihitaji. Na mtu yeyote asipitishe siku mbili bila kituo chake. Mtoto anayejua kuwa kesho ni siku yake huvumilia ya leo. Mzee naye ni hivyohivyo, ila yeye hatakwambia.

2. Tenganisha kusimama kwa aina tatu

Watu wengi wakisema kituo wanamaanisha mahali pa kulala tu. Mwenye familia anapanga aina tatu, na kila moja ina kanuni yake.

Pumziko la barabarani ni la dakika 20, kila baada ya saa moja na nusu, au saa mbili ukizidisha sana. Usingoje mtu aombe. Ufaransa imebarikiwa kwa hili: barabara kuu zina maeneo ya mapumziko yanayoitwa *aire*, karibu karibu, na ni ya aina mbili. Yapo yenye sheli, mgahawa na duka, na yapo yasiyo na chochote ila miti, meza, vyoo na maji. Chagua haya ya pili. Yana kivuli, watoto wanakimbia, na mzee ananyoosha miguu bila kusukumwa na umati. Ya kwanza waachie wenye kutafuta mafuta. Upande wa Italia hali hugeuka: mapumziko mengi ni sheli na baa ya kahawa, na pwani ya Liguria barabara inatoka handaki moja kuingia jingine, kwa hiyo ukiona nafasi ya kusimama, simama. Kwenye baa hizo lipia kwanza kwa keshia, kisha peleka risiti kaunta ndipo uhudumiwe.

Kituo cha mchana ni cha muda wa saa tatu hadi nne, katikati ya siku ya kusafiri. Hapa ndipo watu wanakula, wanaoga, wanalala. Kiwe karibu na mlango wa kutokea barabara kuu. Kikikuingiza ndani zaidi ya dakika 20 kitakula siku yako.

Malazi yawe ya usiku mbili au tatu. Usiku mmoja mmoja mfululizo unawachosha watu kuliko barabara yenyewe, maana kila asubuhi ni kufunga mabegi na kila jioni ni kuyafungua. Sisi tulijiwekea kwamba siku ya kuhama, gari lisitembee zaidi ya muda wa saa tatu kwa jumla.

3. Gawa usiku, kwa sababu ubalozi nao utauhesabu

Mgawanyo wetu ulikuwa huu: Barcelona usiku 1, Argelès-sur-Mer 3, Arles 2, Marseille 2, Nice 3, karibu na Sanremo 3.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, orodha hii ni zaidi ya ratiba. Hispania, Ufaransa na Italia zote zimo ndani ya Schengen, viza moja inatosha, lakini ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Kwa mgawanyo huo, msafiri anayetoka Dar moja kwa moja kwa ajili ya safari hii ana usiku kumi Ufaransa, kwa hiyo anaomba Ufaransa hata kama ndege inatua Barcelona. Siku zikilingana, unaomba nchi unayoingilia. Mama mkwe yeye aliomba Uholanzi, kwa kuwa muda wake mwingi alikuwa kwetu. Watataka kuona mahali pa kulala kwa kila usiku bila pengo, pamoja na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Usiku wa melini nao uonekane, kwa tiketi ya meli. Weka malazi yanayoweza kufutwa bure mpaka viza itoke. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ukisubiri wiki ya mwisho, malazi ya pwani yatakuwa yameshakwisha.

Leseni ya nyumbani iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho Tanzania na Kenya hupatikana kupitia AA, chama cha wenye magari. Na wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda wakumbuke kuwa kule gari linapita kulia. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi hawana shida hiyo. Kama wewe ni wa kushoto, malazi ya usiku wa kwanza yawe nje ya mji, ili uzoefu uupate kwenye barabara tulivu.

4. Chagua siku za kuhama

Jumamosi za Julai na Agosti barabara ya pwani ya Ufaransa hufurika. Sababu ni rahisi: nyumba nyingi na kambi za likizo hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, basi wanaoondoka na wanaoingia wanakutana barabarani siku hiyohiyo. Huduma ya Ufaransa ya hali ya barabara, Bison Futé, hutoa kalenda ya rangi: kijani, chungwa, nyekundu na nyeusi. Itazame kabla ya kulipia malazi. Siku nyeusi usihame kabisa, na tarehe 15 Agosti, ambayo ni sikukuu nchi zote tatu, iwakute mmeshatulia mahali.

Siku tuliyoipenda kuhama ni Jumapili asubuhi. Malori makubwa Ufaransa hayaruhusiwi barabarani kuanzia saa nne usiku wa Jumamosi hadi saa nne usiku wa Jumapili. Ukiondoka saa moja asubuhi, watoto wakiwa na chai tumboni, kufika saa nne uko kituo cha mchana kabla jua halijakasirika. Ila nunua chakula Jumamosi, maana maduka mengi Jumapili mchana yamefungwa. Kama ratiba ya kazi na shule inakuruhusu, nenda Juni au Septemba. Bei zinashuka na bahari ya Septemba bado ina joto.

5. Njia yenyewe, kituo kwa kituo

*Barcelona hadi Argelès-sur-Mer, kama kilomita 185.* Barabara ya AP-7 hadi mpakani haina malipo tangu mwishoni mwa Agosti 2021. Jaza mafuta La Jonquera kabla ya kuvuka, upande wa Ufaransa ni ghali zaidi. Kama unakuja na gari lako lenye namba za nje ya Hispania, Barcelona ina eneo la hewa safi tangu Januari 2020 na gari lazima lisajiliwe kabla ya kuingia mjini. La kukodi la hapohapo halina tatizo.

Argelès ni kituo cha mtoto wa miaka 3: ufuo mrefu, tambarare, mchanga mtupu. Tulipanga nyumba ya kambi yenye jiko na kibaraza. Ila ujue upepo wa pale. Sisi watu wa pwani tunaujua kusi na kaskazi. Wao wana tramontane, upepo mkavu wa kaskazini magharibi unaotoka bara kwenda baharini. Maji karibu na ufuo yanaonekana shwari kama ya kwenye beseni, na ndipo hatari ilipo, kwa sababu boya la kupuliza likiondoka na mtoto, linakwenda zake. Siku ya upepo maboya yote yalibaki kambini, tukachimba mchanga. Tazama bendera ya waokoaji kila asubuhi, nyekundu hakuna mjadala.

Kilomita chache kusini ni Collioure, mji ambao wachoraji Matisse na Derain walifanyia kazi kiangazi cha 1905. Kuegesha kule ni adha. Nenda asubuhi na mapema au acha gari upande basi. Mama mkwe alipaonea raha kwa jambo lake mwenyewe: dagaa wa kutiwa chumvi. Collioure ina jina kwa dagaa hao, wanapangwa kwenye vyombo na chumvi ya mawe, wanaachwa miezi. Aliomba kunusa, akacheka, akasema hawa wangekutana na ng'onda wa kwetu wangejuana.

*Argelès hadi Arles, kama kilomita 250.* Hii ndiyo siku ndefu kuliko zote, na kituo chake cha mchana ni Pont du Gard, karibu na Nîmes, daraja la maji la Warumi lenye urefu wa mita 49 kwenda juu, ngazi tatu za matao. Hiki kilikuwa cha mkubwa wetu, maana chini yake unapita mto Gardon na watu wanaogelea wakiwa wamelitazama juu. Valisha watoto viatu vya majini, mawe yanateleza. Bibi alikaa chini ya miti na mdogo akalala kwenye mkeka saa nzima na dakika kumi. Nilizihesabu.

Arles ni kwa ajili ya wa miaka 7. Kusini yake ni Camargue, tambarare ya mabwawa ambako mto Rhône unaingia baharini, na kwenye hifadhi ya ndege ya Pont de Gau unawaona heroe kwa karibu mno, wamesimama kwa mguu mmoja hatua chache kutoka njiani. Heroe wa pale ni wale wakubwa, weupe wenye mabawa mekundu. Wa Ziwa Natron wengi ni wale wadogo waliokolea rangi, na kijana wetu, aliyewaona wa Natron kwa picha tu, alisimama akilinganisha mpaka tukamwacha. Nenda asubuhi. Jioni mbu wa Camargue hawana huruma, dawa ya kupaka si ya hiari.

Tulichokuwa hatukukitarajia ni mpunga. Camargue ndiyo shamba la mpunga la Ufaransa. Tunapita barabara nyembamba, mama mkwe akasema, "Simama, baba." Mume wangu akaweka gari pembeni. Akashuka, akachuma suke moja lililoinamia njia, akalifikicha kiganjani, akatafuna punje. "Bado wiki kadhaa," akasema, akapanda. Hicho kituo hakikuwa kwenye karatasi yoyote, na kilichukua dakika nne. Tulikipata kwa sababu siku ile hatukuwa na haraka ya kufika popote, kwa hiyo acha nafasi kama hiyo kwenye kila siku.

*Arles hadi Marseille, kilomita 95.* Umbali mfupi kwa makusudi, maana Marseille ndiyo kituo ambacho msomaji wa Kiswahili asikiruke. Mji huu una mojawapo ya jumuiya kubwa za Wakomoro nje ya Komoro, na lugha yao na yetu ni za tumbo moja, kundi la Sabaki. Nenda soko la Noailles, dakika chache kwa miguu kutoka bandari ya zamani. Utakuta muhogo, ndizi za kupika, pilipili mbuzi, maembe. Mama mkwe alikuwa akipapasa muhogo aone kama una nyuzi, akamwambia mjukuu wake kwa Kiswahili kwamba huu umekaa sana. Mwanamke aliyekuwa jirani yake akageuka, akamjibu kwa Kikomoro. Yapo maneno yaliyokutana na yapo yaliyopishana, lakini walizungumza robo saa, na tukaondoka tumeelekezwa wapi pa kula mkate wa sinia. Baada ya wiki nzima ya kutafsiriwa kila neno, ile robo saa ilimrudisha mtu mzima kuwa mtu mzima. Kama unasafiri na mzazi asiyejua Kifaransa, uweke huu mji katikati ya safari, usiuweke mwisho.

Gari Marseille liache kwenye gereji ya malazi tangu unaingia mpaka unatoka. Kuna metro na boti. Na kama unawaza kwenda Calanques, zile ghuba za mawe meupe, ujue kwamba kuanzia Juni hadi Septemba njia za huko hufungwa siku zenye hatari ya moto, na taarifa ya kesho hutolewa jioni ya leo. Uwe na mpango wa pili: boti ya visiwa vya Frioul ilitutosha.

*Marseille hadi Nice, kilomita 200.* Hapa kuna kishawishi: barabara ya Corniche d'Or, iliyofunguliwa 1903, inayozunguka milima myekundu ya Estérel ukingoni mwa bahari. Nzuri kupita maelezo, na kona juu ya kona. Mwenye kituo alikuwa mtoto anayetapika, kwa hiyo yeye ndiye aliyeamua. Tulitoka barabara kuu Fréjus, tukaenda hadi ghuba ya Agay tu, yenye mchanga, tukaoga na kula, kisha tukarudi kupanda A8. Mawe mekundu tuliyaona, tumbo likabaki na chakula chake.

Nice ufuo wake ni kokoto, waambie watoto mapema wasije wakalia. Mchanga wataupata jirani, Villefranche-sur-Mer, dakika chache kwa treni. Usiku tatu hizi dereva alipumzika: treni ya pwani inakwenda Monaco, Menton hadi Ventimiglia, na hakuna sababu ya kutafuta maegesho kwenye miji ile. Chakula cha mtaani cha hapo ni socca, unga wa dengu uleule wa bajia, unakorogwa na maji na mafuta ya zeituni, unachomwa kwenye sinia kubwa kwa moto wa kuni. Ukivuka Italia utaikuta ileile inaitwa farinata. Haina nyama wala maziwa, na watoto walikula bila kubembelezwa.

*Nice hadi Sanremo, kama kilomita 60.* Hapa mwenyewe ni familia nzima. Reli ya zamani ya pwani iligeuzwa njia ya baiskeli, kilomita 24 kati ya Ospedaletti na San Lorenzo al Mare, tambarare yote, bahari upande mmoja, na mahandaki yenye ubaridi ya kujificha jua. Tulikodi baiskeli za aina tatu, ikiwemo ya kukalia watu wanne yenye paa. Bibi alikaa mbele na mtandio wake.

6. Mambo ya gari yanayobadilisha vituo

Kwenye mageti ya malipo Ufaransa unachukua tiketi unapoingia na kulipa unapotoka. Usiingie njia yenye alama ya herufi t peke yake, wala Italia njia ya njano ya Telepass. Ni za wenye kifaa.

Kiti cha mtoto kila nchi ina kipimo chake. Hispania ni hadi sentimita 135, Ufaransa ni chini ya miaka 10, Italia ni chini ya sentimita 150. Mkubwa wetu, miaka 11 na sentimita 144, hakuhitaji kiti cha kuinulia mpaka tulipovuka Ventimiglia. Kichukue tangu mwanzo.

Miji ya zamani ya Italia ina maeneo yanayoitwa ZTL, ambayo gari la mgeni haliruhusiwi kuingia. Alama ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na kamera inapiga picha namba ya gari. Sisi tuliingia mojawapo katika mji mdogo, dakika moja tu, tukifuata ramani ya simu kwenda malazi. Barua ya faini ilifika nyumbani miezi kadhaa baadaye, na kampuni ya gari ilikuwa imeshakata ada yake ya kutoa jina letu. Kabla ya kulipia malazi Italia, uliza swali hili kwa maandishi: je, nyumba iko ndani ya ZTL, na nikifika niegeshe wapi?

Na begi la usiku. Andaa begi moja dogo lenye nguo za kulalia, dawa, miswaki, kanga mbili na nguo za kesho za kila mtu. Mkifika usiku, linatoka hilo tu. Mengine yabaki ndani ya buti yakiwa yamefunikwa, na mchana usiache hata kofia kwenye kiti. Karibu na fukwe na kwenye mapumziko ya barabara kuu vioo huvunjwa kwa vitu vya bei ndogo.

7. Saa za kula na za kuswali

Ufaransa jiko la mgahawa hufungwa karibu saa nane mchana. Ukifika saa nane na robo na watoto watatu wenye njaa utapewa saladi kwa shingo upande. Hispania ndiyo kwanza wanaanza kukaa mezani saa saba na nusu. Kwa hiyo upande wa Ufaransa fika kituo cha mchana kabla ya saa sita na nusu, au beba chakula. Sisi tulibeba mara nyingi kuliko kununua: chapati, mayai ya kuchemsha, matango.

Kwa aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu, Julai ya huko inashangaza. Jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, na isha inakwenda hadi karibu na usiku wa manane. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala; tulikusanya adhuhuri na alasiri kwenye kituo cha mchana, ndiyo maana kivuli na maji vilikuwa kwenye masharti ya kila kituo. Mdogo alale mchana bila kukosa, kwa kuwa usiku hatalala kukiwa bado mwanga.

8. Rudi kwa bahari

Kukodi gari Barcelona na kulirudisha Genova kunaongeza ada kubwa ya kuliacha nchi nyingine. Kurudi kwa barabara ni kilomita 850 za watu waliochoka. Kuna njia ya tatu: meli ya magari kati ya Genova na Barcelona, mwendo wa muda wa saa 18 hadi 20. Kampuni ya gari ikupe ruhusa ya maandishi ya kuvuka mipaka na ya kupanda meli, maana nyingine hukataa. Chukua chumba chenye vitanda vinne na kingine cha wawili, si viti.

Genova fika asubuhi ya siku ya meli. Kituo cha mwisho kilikuwa cha wa miaka 7 tena: jumba la samaki la bandari ya zamani, lililofunguliwa 1992, kila kitu tambarare na kuna lifti. Ingia foleni ya meli muda wa saa tatu kabla ya kuondoka. Ukishaegesha ndani ya meli, ghorofa ya magari hufungwa na hairuhusiwi kushuka tena mpaka mwisho wa safari, kwa hiyo lile begi la usiku liwe mlangoni, juu ya vitu vyote, pamoja na mkate na maji. Mume wangu alilibeba, mimi nikamshika mama mkwe mkono kupanda ngazi za chuma. Tulikaa nje upande wa nyuma, yeye amevaa makubadhi yake, mpaka mnara wa taa wa Genova ukawa mdogo kama kijiti.